Jua Tunalo, Fundi Yuko Wapi? Mwongozo wa Sola kwa Vijiji vya Lunga Lunga



Mwezi uliopita nilikwenda harusini bara ya Lunga Lunga, upande wa Mwereni. Baada ya swala ya alasiri tulikaa kwenye kibaraza cha madrasa, na kijana mmoja akanisogezea kiti. Kumbe hakikuwa kiti. Ilikuwa betri kubwa ya sola iliyokufa, imetandikwa kipande cha gunia. Mle chumbani globu tatu zilikuwa bado zimening'inia, na paneli ilikuwa bado juu ya bati. Mwalimu alinambia taa zile ziliwaka miezi 14 tu. Mwanzo zilikaa mpaka saa nne usiku. Kisha zikawa zinazima saa tatu, kisha saa mbili, mpaka watoto wakarudi kusomea tochi ya simu.

Akina mama wa pale wana chama chao. Wamechanga muda mrefu ili wanunue seti nyingine, maana watoto wao husoma baada ya magharibi. Mmoja wao, mama wa makamo, akaniuliza: "Mwandishi, pesa tunazo. Lakini tutajuaje kuwa safari hii hatununui kiti chengine?"

Sikuwa na jawabu la kumpa pale pale. Makala haya ndiyo jawabu langu kwake, na kwa kila kijiji chenye swali kama lake. Mimi si mhandisi, na diploma yangu ni ya mambo mengine. Lakini nimeishi na sola nyumbani miaka mingi, nimewahi kuuziwa mbovu na nimewahi kununua nzuri, na mafundi nimewauliza sana. Ihifadhi makala hii, iko siku utaihitaji.

Kwa nini nguzo hazifiki

Ukitoka Lunga Lunga mjini, penye mpaka wa Horohoro, nguzo za stima zinafuata barabara kubwa na vituo vikubwa. Ukiiacha lami na kushika njia za ndani, nyumba zinatawanyika. Mji mmoja uko hapa, mwengine ng'ambo ya bonde, na katikati ni mashamba ya mahindi na malisho. Kwa anayevuta waya, kila nyumba hapo ni nguzo kadhaa kwa mteja atakayewasha globu mbili na redio.

Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi wa Last Mile. Ada ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Waliokuwa karibu na transfoma walifaidika. Walio mbali nayo waliendelea kuziona nguzo kwa macho.

Kwa hao wa mbali kuna mradi mwengine, KOSAP, wa sola nje ya gridi ya taifa. Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2017 kwa dola milioni 150, kwa kaunti 14 zilizosahauliwa muda mrefu. Kwale imo. Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta pia zimo. Yaani katika kaunti sita za Pwani, ni Mombasa peke yake haimo. Mradi huo una sehemu ya vituo vya sola vya vijiji, sehemu ya sola za majumbani na majiko bora, sehemu ya shule, zahanati na ofisi za umma, na sehemu ya pampu za maji. Kwa karatasi ni mzuri sana. Kwa vitendo umekawia, na aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2017 leo ni mtu mzima kidogo.

Wala tusidhani stima ya nguzo ni malaika. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ya Kenya iliingia gizani. Ndugu zetu wa Unguja mwaka 2008 walikaa kama mwezi mzima bila umeme baada ya njia inayowapa umeme kutoka bara kuharibika, na mwisho wa 2009 wakarudi gizani tena, safari hiyo kwa miezi mitatu. Kwa hivyo sola si kitu cha maskini anayesubiri nguzo. Ni stima kamili, mradi ujue unanunua nini.

Sola ni za aina tatu

Ya kwanza ni taa ya mkono, yenye kipaneli chake kidogo. Hii ndiyo iliyoitoa koroboi majumbani. Haihitaji fundi, na mtoto anaweza kusomea. Mafuta taa yana moshi unaoumiza kifua, na koroboi ikipinduka juu ya mkeka nyumba ya makuti haichukui dakika nyingi. Kama nyumba haina chochote, anza hapa.

Ya pili ni seti ya nyumba: paneli juu ya paa, betri, kontrola, globu kadhaa, mahali pa kuchaji simu, pengine na televisheni ndogo. Seti hizi zilienea Kenya baada ya kampuni kama M-KOPA kuanza, mwaka 2012, kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia M-Pesa, ambayo yenyewe ilikuwa imeanza mwaka 2007.

Ya tatu ni kituo cha kijiji. Paneli nyingi na betri nyingi zinakaa pahali pamoja, na waya zinakwenda madukani, kinyozi, zahanati na majumbani. Mfano mmoja uko Kitonyoni, kaunti ya Makueni. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza kilisaidia kujenga pale kituo cha kilowati 13.5, na wanakijiji wakaunda ushirika wa kukiendesha. Kwetu Pwani kuna mfano wa namna nyingine: Kiunga, mpakani mwa Lamu na Somalia, nguvu ya jua hutumika tangu 2018 kugeuza maji ya chumvi kuwa maji ya kunywa.

Kila aina ina kazi yake. Kosa kubwa ni kununua ya kwanza ukitaka ikufanyie kazi ya tatu.

Hesabu kabla ya duka

Fundi mzuri hakuulizi kwanza una pesa ngapi. Hukuuliza utawasha nini, na kwa saa ngapi. Tuifanye hesabu ya ile madrasa.

Globu 4 za wati 9, zikiwaka saa 4, ni wati-saa 144. Kipaza sauti cha wati 40, kikitumika kwa jumla ya saa 1 kwa siku, ni wati-saa 40. Simu 4 za walimu, kila moja wati-saa 10 hivi, ni 40. Jumla ni wati-saa 224 kwa siku.

Njiani kuna upotevu: kwenye waya, kwenye betri, kwenye joto. Ongeza thuluthi kasoro kidogo, tuseme asilimia 30. Tunapata kama 291.

Sasa paneli. Jua linakaa angani saa 12, lakini nguvu yake ya asubuhi na jioni ni ndogo. Mafundi huhesabu kana kwamba jua kali linapiga saa 5 kwa siku. Ukigawa 291 kwa 5 unapata wati 58. Hiyo ni hesabu ya kaskazi, mbingu nyeupe. Wakati wa masika mawingu hukaa siku nyingi, kwa hivyo mwenye akili hugawa kwa 3.5. Tunapata wati 83. Dukani utachukua paneli ya wati 100, na hutajuta.

Mwisho betri. Tunataka taa ziwake usiku mbili hata kama jua limefichama: 224 mara 2 ni 448. Betri ya risasi na asidi isinyonywe kupita nusu yake, kwa hivyo inatakiwa iwe na 896. Ukigawa kwa volti 12 unapata 75, kwa hivyo ni betri ya ampea-saa 80 au 100, namba ile iliyoandikwa ubavuni pamoja na herufi Ah. Betri ya lithiamu inaweza kutumika hadi asilimia 80 bila kuumia, kwa hivyo ya 50 inatosha.

Andika hesabu hii kwenye karatasi, nenda nayo dukani. Muuzaji akiona karatasi hubadilisha maneno.

Kilichoiua betri ya madrasa

Niliinuka kwenye kile kiti nikakiangalia ubavuni. Ilikuwa betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena hapo hapo. Ukiifanya ya sola, inyonywe taratibu usiku kucha, vibati vyake vya ndani huchoka upesi. Betri ya sola ni aina mbali, hata kama kwa nje zinafanana.

Nikamuuliza mwalimu nani alikuwa akiitumia. Akacheka. Kijiji kizima kilikuwa kikichaji simu pale, simu 15 siku nyingine. Simu 15 ni wati-saa 150 kila siku, na paneli ilikuwa ya wati 50. Hapo taa za watoto zingewaka kwa nini?

La tatu niliona kwenye kontrola, kile kijisanduku kati ya paneli na betri. Kazi yake ni kuzuia betri isijae kupita kiasi, na kukata stima betri inapokaribia kuisha. Waya zilikuwa zimeirukia. Kuna kijana aliyeona taa zinakatwa mapema, akaona kontrola ndiyo adui, akaunganisha moja kwa moja. Taa ziliwaka zaidi kwa wiki kadhaa, kisha betri ikafa. Kontrola ikikata stima, inakwambia betri imechoka. Hapo punguza matumizi, usirukie waya.

Na kama betri ni ile ya kuongezwa maji, maji yake ni yale ya dukani ya betri. Maji ya kisima yana chumvi na madini, na visima vyetu vya Pwani mwajua ladha yake.

Lithiamu ni ghali siku ya kununua, lakini hujazwa na kutumika maelfu ya mara, ilhali ya risasi ni mamia tu. Kwa madrasa, zahanati au msikiti, ambapo kuchanga mara ya pili ni kazi ngumu, mimi ningesubiri miezi michache zaidi ninunue lithiamu.

Kupima paneli mpakani

Bidhaa za sola zinapita nyingi mpakani na sokoni, nzuri na mbovu. Karatasi ya nyuma ya paneli inaweza kusema wati 100 na paneli isifike nusu. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe niliuziwa namna hiyo katika duka moja, na nilipata kujua usiku, taa zilipozima kabla ya isha.

Kipimo ni rahisi. Mwombe fundi aje na mita yake, ile ya kupima volti na ampea. Itoeni paneli juani, saa sita mchana. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12, bila kuunganishwa na kitu, hutoa volti 21 au 22 hivi. Ikipimwa ampea kwa kugusanisha nyaya za mita, hutoa kama 6. Ikitoa 3, hiyo ni paneli ya wati 50 iliyovalishwa kanzu ya 100. Tena paneli ya kweli ya wati 100 ina urefu wa kama mita moja na upana wa nusu mita. Ikiwa ndogo kama sinia, usipoteze muda hata wa kupima.

Kufunga sola Pwani

Kwale iko kusini ya ikweta, nyuzi 4 na nusu hivi. Kwa hivyo paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini. Kwetu hapa kibla nacho ni kaskazini, kwa hivyo huhitaji dira: iinamishe paneli upande mnaoelekea mnaposwali. Kuna faida mbili. Kuanzia Machi mpaka Septemba jua liko upande huo, na ndiyo miezi yenye mawingu mengi, mnapolihitaji zaidi. Na mteremko wa nyuzi 10 mpaka 15 hufanya mvua ioshe vumbi na mavi ya ndege.

Kivuli kidogo huangusha paneli nzima. Kuti moja la mnazi likipita juu ya pembe yake, stima hushuka kuliko unavyodhani. Ufuate mkwe na mwembe wa jirani kabla hujatoboa paa.

Paa la makuti si pahali pa kufunga paneli. Makuti huvukiza, huoza, na hubadilishwa. Simika nguzo imara karibu na nyumba, funga juu yake, mbali kidogo na mikono. Kwa watu wa Vanga, Jimbo, Majoreni na visiwani, upepo wa bahari hula chuma. Vyuma viwe vya alumini au visivyoshika kutu, na viungo vya waya vipakwe grisi. Betri ikae pahali penye hewa na kivuli, si chini ya kitanda, na asidi yake isiwe karibu na watoto.

Lipa pole pole: soma mwisho wa mkataba

Kulipa kidogo kidogo kumewasaidia wengi ambao wasingepata fedha za pamoja. Lakini jumlisha kabla ya kutia sahihi. Chukua malipo ya siku, zidisha kwa siku zote za mkataba, ongeza malipo ya mwanzo. Linganisha na bei ya taslimu ya seti kama ile. Tofauti ndiyo bei ya kusubiriwa. Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya mkopo kuzidi ya taslimu, mradi imekatwa na kujulikana siku ya mkataba. Kinacholetea shaka ni faini inayoongezeka kila unapochelewa. Muulize sheikh wako, na mwonyeshe karatasi yenyewe, si maneno ya muuzaji.

Uliza mambo manne. Je, nikishindwa kulipa mwezi mmoja, taa zitafungwa tu au seti itachukuliwa? Je, nikimaliza, mtambo unafunguka daima? Je, betri ikifa katikati ya mkataba, nani anaibadilisha? Na je, fundi wenu wa karibu yuko wapi, Ukunda au Nairobi?

Jambo jingine ni kitambulisho. Bila kitambulisho hupati laini kwa jina lako, na bila laini hupati M-Pesa, na bila M-Pesa hupati mkopo wa sola. Wamakonde wa Kwale waliishi hivyo vizazi kadhaa mpaka walipotembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 na kutambuliwa kuwa raia. Wapemba walisubiri mpaka 2023. Wengi wa hao ni wavuvi wanaotoka usiku, watu wanaohitaji taa kuliko sisi. Ukiwa na jirani ambaye karatasi zake hazijakamilika, msaidie kwanza kwa hilo.

Funzo la pampu ya Afridev

Kwale tuna historia yetu ambayo twaisahau. Miaka ya 1980 ni hapa kusini mwa Pwani ambapo pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa na kuboreshwa, kisha ikasambaa Afrika nzima na kwengineko. Wazo lake lilikuwa kwamba wanakijiji, hata akina mama wa kisimani, waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe kwa vifaa vichache.

Miaka ikapita. Pampu nyingi zikakauka, si kwa sababu maji yameisha, bali kwa sababu kamati zilivunjika, pesa hazikuwekwa, na kipuri kimoja kilikosekana. Baadaye, katika utafiti uliohusisha Chuo Kikuu cha Oxford, ikaanzishwa huduma ya FundiFix, Kwale na Kitui: watumiaji hulipa ada ndogo kila mara, na fundi huja pampu ikiharibika. Muda wa kungoja ukashuka kutoka wiki kadhaa hadi siku chache.

Funzo hilo ndilo ninalolitaka kwa sola. Kitu cha kijiji hakifi siku kinapoharibika. Hufa siku ile hakuna aliyewekewa pesa na jukumu la kukitengeneza. Sasa pampu za sola zinakuja kuchukua pahali pa pampu za mkono, na ni neema, kwa sababu zinafanya kazi hasa wakati wa jua na kiangazi. Tena pampu haihitaji betri: vuta maji mchana, yaweke kwenye tangi, usiku yateremke yenyewe. Zahanati nazo kuna friji za chanjo zinazotumia jua moja kwa moja, zinazohifadhi baridi kwa barafu badala ya betri. Pahali popote betri inapoweza kuepukwa, iepukwe.

Nani awe fundi

Tangu 2012 Kenya ina kanuni zinazotaka anayefunga sola awe na leseni, kwa madaraja kulingana na ukubwa wa mtambo. Leo leseni hutolewa na EPRA. Mwombe fundi akuonyeshe. Akikasirika, umepata jawabu.

Lakini fundi mwenye leseni aliye Mombasa hatakuja Mwereni kwa fyuzi iliyoungua. Kijiji kinahitaji mtu wake. Ng'ambo hapo, Kinyasini, Kaskazini Unguja, kuna chuo cha Barefoot kinachowafundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza sola, wengi wao wakiwa hawakuenda mbali na shule. Mtindo huo ulitoka kijiji cha Tilonia, Rajasthan, India. Sababu ya kuchagua akina mama ni nyepesi: kijana akipata ufundi huenda mjini kutafuta kazi, mama hubaki. Hapa Kwale vyuo vya ufundi tunavyo. Chama kinachochanga cha paneli kinaweza kuchanga pia karo ya mtu mmoja.

Na tusiiachie kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka usambazaji wa umeme kuwa miongoni mwa kazi za kaunti, na Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Mkutano wa bajeti ukiitwa, usiende kwa soda. Uliza mpango wa Mwereni uko ukurasa gani.

Sola haitapika wali

Nisikudanganye. Seti ya nyumba haipiki chungu cha wali. Moto wa kupikia unakula nguvu mara nyingi zaidi ya globu. Kuni na makaa zitabaki kwa muda, kwa hivyo jiko lenye udongo ndani, linalotunza moto, ni sehemu ya hesabu hii pia. Mwenye ng'ombe wanaolala zizini anaweza kufikiria gesi ya kinyesi. Na watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanajua thamani ya kutokata: mikoko yao imo katika mradi wa Vanga Blue Forest tangu 2019, unaoleta pesa za hewa ya ukaa kwa kuiacha isimame, kama ndugu zao wa Gazi walivyoanza na Mikoko Pamoja mwaka 2013.

Betri iliyokufa si kiti

Hili nalisema kwa uchungu. Betri ya madrasa ina risasi na asidi ndani, na watoto wanaikalia. Mombasa tulishaona risasi inafanya nini. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu watu katika mtaa wao, na watoto ndio walioumia zaidi. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Betri ikifa, msiifungue, msimwage maji yake, wala msimpe mtu wa vyuma chakavu aende kuipasua. Irudisheni kwa muuzaji, na mwambieni awapunguzie bei ya ile mpya, maana risasi ile ina thamani.

Nilichomjibu mama

Nilimpigia simu yule mama nikampa hesabu kama nilivyoiandika hapa. Nilimwambia wasitumie pesa zote. Thuluthi moja ibaki kwenye akaunti ya chama kwa jina la betri ijayo. Wakubali seti ndogo iliyokamilika kuliko kubwa yenye betri ya gari. Kuchaji simu za kijiji kuwe na paneli yake mbali, kwa shilingi chache, na pesa hizo zimlipe anayeitunza. Pawe na daftari, na majina mawili ya wanaoshika ufunguo wa sanduku la betri.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyo wa kwenda kusomea ufundi, anaweza kuwa na miaka hamsini?"

Nikamwambia anaweza. Akasema basi ataliweka mbele ya wenzake baada ya swala ya Ijumaa. Mpaka naandika haya hawajanunua bado, na hilo mimi naliona ni jema. Ile betri kuukuu, lakini, wameshaitoa kibarazani. Watoto wanakaa mkekani.

Wassalaam.